Ngozi Ikipona, Je, Ushuhuda Umekamilika?

Dada mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani, ambaye ameniruhusu niandike haya, alitokwa na uvimbe mwekundu usoni, shingoni na mikononi. Ulimuuma hata leso ikiugusa, na homa juu yake. Watu wakanong'ona: ati amerogwa, ati kuna dhambi hajatubu. Tukafunga siku tatu. Daktari naye akampa vidonge vya steroidi, na baada ya siku chache uso ukawa safi. Jumapili akashuhudia. Mimi ndiye niliyempa maikrofoni.

Kumbe alikuwa ameambiwa arudi apimwe damu. Aliponiuliza, nikamjibu, "Dada, ukirudi huko si utakuwa unamshuku Mungu?" Maneno hayo yameninyima usingizi.

Unaitwa ugonjwa wa Sweet, kwa jina la Robert Douglas Sweet, daktari wa Plymouth, Uingereza, aliyeueleza mwaka 1964 kutokana na wanawake wanane. Hauambukizi. Chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, hujazana ngozini. Mara nyingi hufuata maambukizi ya kawaida, ama dawa fulani, na wengi hupona. Lakini kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano kuna saratani nyuma yake, hasa ya damu, na ngozi yaweza kutangulia kutoa habari. Steroidi hutuliza ngozi upesi. Uboho ni habari nyingine.

Je, tulidanganya madhabahuni? Uso ulikuwa umepona kweli. Ila tulitangaza zaidi ya tuliyojua, kisha tukamwachia dada mzigo wa kuulinda ushuhuda wetu. Akiugua tena, angemwambia nani? Katika Walawi 13, kuhani mwenye shaka hungoja siku saba, akatazama tena. Na wale kumi wa Luka 17, Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Hapo kukaguliwa hakukuitwa kukosa imani. Sisi tulitoa wapi hilo?

Homa ilirudi. Safari hii nilimpeleka mwenyewe, tukapanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Pale kwenye benchi nikamwomba msamaha. Akanitazama, akasema, "Mzee, shika hii kanda yangu, naitwa."

Majibu ya uboho tunayangoja wiki hii.