Ardhi Inapopumzika

Soma Kutoka 23:10, 11. Shamba lililoachwa mwaka wa saba liliwalisha maskini, na masazo yakawa ya wanyama wa mwitu.

Wasukuma wa Shinyanga wanayo ngitili: malisho yanayofungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi. Zamani miti ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, nchi ilikuwa karibu jangwa. Ngitili zilipopumzishwa, migunga ilichipua kwenye visiki vyake. Ndege wakarudi. Fisi naye akarudi, na fisi hachagui. Hula hata mbuzi wa mjane.

Je, fisi naye amo katika amri ile? Na hasara ya mjane ataibeba nani?