Mwalimu Asiyetimia

Liko suala ambalo watu wa pwani wameishi nalo kwa karne nyingi bila ya kulipa jina: je, yafaa mtu kusomesha kile ambacho yeye mwenyewe bado yumo katika kukisoma? Katika vyuo vya Kurani jawabu lilikuwa la vitendo. Mwanafunzi mkubwa alikalishwa mbele ya wadogo zake awatazame herufi, kisha naye akarudi mbele ya mwalimu wake, msahafu mkononi, asahihishwe. Hakuna aliyemwita mlaghai, wala hakuna aliyemwita mwalimu. Alikuwa baina ya hali mbili, na kila aliyekuwamo chuoni alijua amefika wapi.

Suala hilo hubadilika uzito pale wanaosomeshwa wanapokuwa watu wazima. Mtoto akipata mwalimu dhaifu mwaka huu, anao mwaka ujao na mwengine baada yake. Kosa la herufi alilofunzwa akiwa na miaka saba litaondolewa na mwalimu wa darasa la tatu. Mama wa miaka arubaini na tano, aliyepalilia tangu alfajiri, akapika, akaosha vyombo, kisha akajifunga kanga yake ya pili kwenda kisomoni, hana mwaka mwengine wa kuchezea. Akikutana na mwalimu asiyejua kazi, au mbaya zaidi, anayejua herufi lakini hajui adabu, atakwenda siku hiyo moja tu. Hatagombana na mtu. Atasema macho yanamuuma.

Kwa hivyo hoja ingekuwa kwamba mtu mzima anastahiki mwalimu aliyeiva kuliko wa mtoto. Dunia imefanya kinyume, na Tanzania haikuwa peke yake katika hilo.

Ichukuliwe Likawage. Ni kata ya wilaya ya Kilwa, lakini si Kilwa ile ya magofu na majahazi ambayo washairi wameizoea. Iko bara, katika nchi ya miombo na mipingo, ambako ndovu huingia mashambani na ufuta ndio fedha. Mtu aliye mbali aweza kudhani kwamba huko kusoma na kuandika ni pambo. Lakini kijiji kinachotaka kuumiliki msitu wake kisheria sharti kiwe na kamati, sheria ndogo, hesabu ya miti na mpango wa uvunaji, na Likawage ni katika vijiji vya Kilwa vilivyotenga misitu ya namna hiyo. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi viliingia katika cheti cha kimataifa cha FSC, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili iliyo mikononi mwa wanavijiji. Yote hayo ni karatasi. Asiyejua kusoma huhudhuria mkutano, hunyosha mkono pamoja na wenziwe, na mpingo uliosimama tangu kabla ya kuzaliwa baba yake huangushwa au huachwa kwa waraka aliosomewa na mtu mwengine. Ukifika msimu wa ufuta, iko mizani, na iko stakabadhi ya ghala. Asiyezisoma hulazimika kuamini.

Hilo ndilo alilolijua Mwalimu Nyerere aliposema mwaka 1964, wakati wa kuuanza mpango wa maendeleo wa miaka mitano, kwamba watu wazima ndio wa kuelimishwa kwanza, kwani matunda ya elimu ya watoto hayataonekana ila baada ya miaka mingi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1971 ikaanza kampeni ya kufuta ujinga nchi nzima. Mwaka 1967 kiasi cha watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwaka 1986 ilihesabiwa kwamba wamebaki chini ya 10. Ni nchi chache zilizopata kufanya jambo kama hilo kwa muda kama huo.

Ni nani aliyelifanya? Si walimu wa vyuoni, maana hawakutosha hata kwa watoto. Lilifanywa na watu wa jioni: walimu wa skuli za msingi waliokwisha kuchoka na zamu ya asubuhi, makarani, wanafunzi, na wanavijiji waliomaliza skuli wakarudi kulima. Walimu wa kujitolea walipewa semina ya siku chache na kitabu cha mwongozo, na kama bahasha ya shukurani shilingi 30 kwa mwezi. Katika kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, walifundishwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000 kwa njia ya ngazi: mmoja akafunzwa akaenda kuwafunza wengine, nao wakashuka mpaka kijijini. Watu kiasi cha milioni mbili walikaa chini kusikiliza na kujadiliana, kisha wakachimba vyoo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza mwaka 1960 kama tawi la Chuo cha Makerere na kuundwa kwa sheria yake yenyewe mwaka 1975, ndiyo iliyoyaandaa mengi katika hayo.

Likaja tena jambo lililo kubwa zaidi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kila mtoto alitakiwa awe darasani, na walimu hawakuwapo. Tangu mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, makumi ya maelfu, wakafundisha nusu ya siku na kujifunza ualimu nusu ya pili, kwa masomo ya posta, redio na mkufunzi aliyewazungukia, kwa muda wa miaka mitatu hivi, mpaka mtihani. Wengi walicheka. Waliochunguza baadaye waliona kwamba wale wa vyuoni waliwazidi katika ujuzi wa baadhi ya masomo, lakini mbele ya wanafunzi tofauti haikuwa kubwa kama ilivyotarajiwa.

Basi mwalimu asiyetimia si mzaha. Lakini je, ni haki?

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Mwanafunzi ni mwana anayefunzwa, na ndani ya mwana husikika utoto. Waliokuwa wakiendesha kampeni wakaona uzito wa kumwita hivyo mtu mwenye wajukuu, wakapendelea mwanakisomo. Msomaji atasema mwana bado yumo, na ni kweli. Lakini huyu ni mwana wa mwananchi na mwanachama, mwenye haki ya kuwapo mahali pale. Neno limemhamisha mtu mkekani pa kufunzwa likamweka penye shauri. Kazi ya mwalimu wa watu wazima yote imo katika uhamisho huo, na hakuna semina ya siku tatu iwezayo kumpa kijana aliyekulia katika skuli ya fimbo na "kaa kimya".

Achorwe kijana huyo wa Likawage, wa miaka ishirini na miwili, na mbele yake babu aliyewahi kumpeleka jandoni. Darasa linaanza kwa "Shikamoo, babu", na "Marahaba" inajibiwa. Baada ya dakika kumi kijana hana budi kumwambia babu kwamba ile aliyoiandika si b bali ni d. Asipomwambia, amemheshimu kwa kumwacha katika ujinga, na hiyo ni dharau iliyovaa kanzu. Akimwambia kama alivyoambiwa yeye darasa la pili, babu hatarudi. Kati ya mawili hayo ipo njia nyembamba, nayo hujifunzwa kwa kuipita, kurudi kwa mjuzi, kueleza palipoharibika, na kuipita tena. Watu wa kusini wanaijua njia hiyo kutoka unyagoni: kungwi hapati ukungwi kwa cheti. Humfuata nyakanga miaka, akibeba, akiitikia, akirekebishwa, huku wari wakiwa mbele yake tangu siku ya kwanza.

Hapa ndipo hoja inapogawanyika. Mwanakisomo mtu mzima si chombo kitupu. Mwalimu akizungumza upuuzi juu ya ufuta au juu ya mpingo, darasa litacheka, na atakayesahihishwa ni yeye. Katika mambo hayo upungufu wake hauna madhara. Huenda hata ukawa neema, kwani humlazimisha kuuliza. Lakini katika herufi na hesabu wanakisomo hawana njia ya kumpima. Wakifunzwa kugawanya kwa kosa, watakwenda na kosa hilo mpaka kwenye mizani. Hivyo deni la mwalimu haliko sawa pande zote: anaweza kuingia darasani bila ya kujua kilimo, lakini haruhusiki kuingia na hesabu za kubahatisha.

Na liko sharti la pili, ambalo wale wa vyuo vya Kurani walilitimiza bila ya kuliandika. Aliyesomesha wadogo zake alikuwa na mwalimu wake hai, aliyemngoja. Nusu mwalimu ni halali maadamu nusu ya pili inajazwa. Mtu aliyepewa semina moja kisha akaachwa miaka kumi na ubao uliopasuka si mwalimu aliye mafunzoni. Ni mtu aliyetelekezwa, na waliotelekezwa pamoja naye ni wanakisomo wake. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya sensa ya mwaka 2012 kukuta zaidi ya watu wazima 20 katika kila 100 hawajui kusoma, robo karne baada ya kuhesabiwa chini ya 10. Vipimo havikuwa vile vile, na watoto wengi walikuwa wamekosa skuli kati ya hapo. Lakini wapo pia waliosoma wakasahau, kwa kukosa kitabu cha pili na mwalimu wa pili.

Leo mlango haujafungwa. Taasisi hiyo hutoa stashahada na shahada ya elimu ya watu wazima, na kwa masafa pia, ili mwalimu asiache kazi yake. Pale Kilwa Masoko kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, katika vile vilivyoasisiwa kuanzia mwaka 1975 kwa kuigiza vyuo vya wananchi vya Uswidi. Linalobaki ni kwamba anayesoma baada ya kazi husoma kwa usiku wake, kwa mafuta yake, mara nyingi kwa ada yake, ili awafae watu ambao hawataweza kumlipa. Kujitolea ni sifa njema kwa anayejitolea. Kwa anayepanga kazi ya taifa juu ya kujitolea kwa mwengine, mwaka baada ya mwaka, ni jambo jengine, na halijapata kuitwa kwa jina lake.

Ufuta ukikomaa darasa la Likawage humalizika lenyewe. Mwalimu aliyetumwa kutoka mbali huandika katika ripoti kwamba mahudhurio yameshuka. Yule wa pale pale, aliyeacha vitabu vyake vya masafa juu ya kitanda, naye yuko shambani na mundu, na anajua ni wiki gani watarudi, na nani atakuja na stakabadhi mkononi akitaka kujua imeandikwaje.