Imani Huja kwa Kusikia: Na Asiyesikia Je?

Paulo aliwaandikia Warumi kwamba imani hutokana na kusikia, na kusikia hutokana na neno la Kristo. Maneno hayo tumeyasoma kanisani mara nyingi, na hatukuwahi kuyatilia shaka mpaka Jumamosi moja, katikati ya somo la lugha ya alama, mwanafunzi wa kidato cha tano alipotuuliza: "Mwalimu, sasa kiziwi ataaminije?" Hatukuwa na jibu. Tulimwambia tutalirudia swali lake juma lijalo, kama walimu wafanyavyo wakibanwa.

Tulikuwa wawili, washarika wa hapa Moshi mjini, wote wenye kusikia. Lugha ya Alama ya Tanzania tuliipata kwa jamaa zetu viziwi, nyumbani, kama mtu apatavyo Kimachame au Kirombo. Tukaanza kuwafundisha vijana wa UKWATA kutoka shule za sekondari, Jumamosi alasiri, katika chumba cha shule ya Jumapili. Wengi walikuja kwa udadisi. Wachache, tuseme kweli, walikuja kwa sababu ya chai na maandazi.

Furaha ya kazi ile hatuwezi kuificha. Saa nzima ilipita bila sauti ya mtu, chumba kimejaa vijana arobaini, na hakuna aliyesinzia. Wale waliozoea kushinda midahalo ya Kiingereza walijikuta wa mwisho, maana lugha hii haitaki vidole tu, inataka na uso. Ukiinua nyusi, maelezo yanageuka swali. Ukikaza uso kwa aibu, umesema nusu ya jambo. Kijana mmoja mwenye kigugumizi, ambaye darasani kwake alikuwa hanyooshi mkono kamwe, alisimama mwezi wa tatu akatusimulia jinsi bibi yake alivyofukuza tumbili kihambani, bibi akiwa na ufagio, tumbili akiwa na ndizi. Hakukwama hata mara moja. Tulicheka mpaka machozi, na yeye akabaki amesimama pale mbele, hataki kukaa.

Tulidhani tumelipata lile jambo ambalo Mungu alituitia.

Ikafika Siku ya Mikaeli na Watoto. Vijana waliomba kuimba wimbo kwa alama. Tukawashonea sare, tukanunua glavu nyeupe, tukafanya mazoezi majuma sita. Siku yenyewe mikono themanini ilipanda na kushuka pamoja na ngoma, kina mama wakapiga vigelegele, watu wakaja mbele kuwatuza. Mzee wa kanisa mmoja alifuta macho.

Benchi la nyuma alikuwapo dada mmoja kiziwi, fundi cherehani, ambaye huja ibadani kila Jumapili. Baada ya ibada tulimfuata tukiwa bado na jasho la furaha, tukamuuliza ameonaje. Akajibu kwa alama: "Nzuri. Mikono mizuri. Mliimba nini?"

Hakuwa anatukejeli. Alitaka kujua. Tulikuwa tumepanga alama neno kwa neno kwa mpangilio wa Kiswahili, tukazikimbiza zifuate ngoma, nyuso zimeganda, na zile glavu zikafanya vidole vifanane. Kwake ilikuwa kama mtu anayesoma kamusi kwa sauti, kwa haraka. Na kuna lililo baya zaidi. Jumapili nyingine mmoja wetu hukaa karibu naye na kumtafsiria mahubiri. Siku ile sote wawili tulikuwa mbele tukiongoza kwaya. Kwa hiyo katika ibada ambayo usharika mzima ulisifu upendo wetu kwa viziwi, kiziwi pekee aliyekuwamo alikaa saa tatu bila kuambiwa neno.

Ndipo tulipolazimika kujiuliza: ile furaha ilikuwa ya nani? Katika Mambo ya Walawi Mungu anakataza kumlaani kiziwi. Mtu anaweza kushangaa, kwani laana asiyoisikia itamdhuru nini? Lakini nadhani amri ile imewekwa kwa sababu hiyo hasa. Kwa mtu asiyeweza kujua alichotendewa, hakuna anayekuzuia isipokuwa hofu ya Mungu. Sisi hatukumlaani dada yule. Tulimsifia Mungu mbele yake kwa lugha tuliyodai ni yake, naye hakuielewa. Sijui kama umbali kati ya mambo hayo mawili ni mkubwa sana. (Mwenzangu anasema nimezidisha. Tumekubaliana sentensi ibaki, na kutokukubaliana kwetu kubaki pia.)

Katika hili hatuko peke yetu. Walimu waliokutana Milan mwaka 1880, karibu wote wenye kusikia, waliamua kwamba viziwi wafundishwe kwa matamshi ya mdomo na alama ziachwe. Walifanya hivyo wakiamini wanawasaidia, na watoto wa vizazi kadhaa katika nchi nyingi wakazuiwa kutumia mikono yao shuleni. Nia njema haikuwapunguzia watoto hao chochote. Martin Luther, miaka mingi kabla, alikuwa na busara zaidi: mwaka 1520 alipojibu swali la kama viziwi wapewe sakramenti, alisema wasinyimwe.

Na sisi wa mlima huu tungepaswa kuelewa upesi kuliko wengine. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, Injili haikuwasubiri Wachaga wajifunze Kijerumani kwanza. Bruno Gutmann, aliyetumika Kidia, Old Moshi, mpaka mwaka 1938, alijifunza Kichaga kwa miaka, na bila shaka alichekwa na watoto kama kila mgeni anayejifunza lugha. Mababu zetu hawakuona ajabu kwamba mwenye habari ndiye anayehangaika na lugha ya anayepelekewa habari. Kwa nini basi kwa kiziwi tunageuza mambo, tunamtaka yeye asome midomo yetu, na sisi tukijifunza alama kumi tunatuzwa?

Jumamosi iliyofuata tuliwaeleza vijana yote. Binti mmoja alilia. Mwingine alisema tuache kabisa, tunadanganya watu. Yule mwenye kigugumizi ndiye aliyeuliza, kwa mikono, kwa nini yule dada si mwalimu wetu. Aibu nyingine. Hatukuwa tumewahi kufikiria.

Alikubali, kwa sharti kwamba tuanze saa kumi, akishafunga duka. Siku ya kwanza alifuta ubao wote tulioujaza maneno, akakusanya glavu akaziweka kwenye mfuko wake (baadaye tuliziona zimegeuzwa vitambaa vya kufutia mashine). Kisha akatusimulia habari ya Marko sura ya saba, ya yule kiziwi wa Dekapoli. Tulikuwa tumeisoma mara nyingi kama habari ya kuponywa. Yeye aliisimulia kwa taratibu ile ile ya Marko, nasi tukaona tusichowahi kukiona: Yesu anamtoa mtu yule kwenye makutano, kwenye kelele na macho ya watu. Anamtia vidole masikioni. Anamgusa ulimi. Anatazama mbinguni. Anaugua, kifua kikipanda. Yote hayo mtu yule aliweza kuyaona au kuyahisi mwilini kabla Yesu hajatamka neno hata moja. "Alizungumza naye kwanza," alisema dada yetu. Na kumtaja Yesu alitumia alama wanayoitumia viziwi wa nchi nyingi: kidole cha kati cha mkono mmoja kinagusa kiganja cha mwingine, kisha kwa zamu, pale misumari ilipopita.

Lile swali la Warumi tulilirudia, limechelewa miezi saba. Tulikuwa tumegundua kwamba Paulo, mara tu baada ya kusema habari ya kusikia, anachukua ushahidi wake katika Zaburi ya 19, na zaburi hiyo inasema mbingu hutangaza utukufu wa Mungu bila maneno na bila sauti inayosikika. Tukamwambia kijana yule: tazama Kibo asubuhi mawingu yanapofunguka, kuna sauti gani pale? Tulijiona tumejibu vizuri. Akafikiri, akasema: "Lakini Mwalimu, mlima ukiuuliza swali haukujibu."

Alikuwa sahihi, na Paulo yuko upande wake, maana hapo hapo anauliza watu watasikiaje pasipo mhubiri. Mbingu hazitoshi. Lazima awepo mtu, mwenye mikono. Andrew Foster alikuwa mtu wa namna hiyo: Mmarekani mweusi, kiziwi, aliyefungua shule ya viziwi Ghana mwaka 1957 na nyingine nyingi katika nchi za Afrika, akiwahubiria viziwi kwa mikono yake mpaka alipofariki katika ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Huku kwetu ipo Shule ya Viziwi Mwanga, ya Dayosisi ya Pare, na vijana wanaotoka huko wanahamia miji na sharika zetu. Wanaketi mabenchi ya nyuma.

Siku ya Mikaeli na Watoto iliyofuata hatukuwa na kwaya ya alama. Dada yetu alisimama mbele akasoma somo kwa mikono yake, taratibu, na binti wa kidato cha sita akalitamka kwa Kiswahili pembeni yake. Kipaza sauti kilikuwa kibovu. Baada ya ibada mzee mmoja wa benchi la nyuma alitulalamikia kwamba hakusikia kitu. Tulimkaribisha Jumamosi, saa kumi.