Je, Wingi wa Wasikilizaji Ndio Uzuri wa Wimbo?

Jumapili moja, baada ya Misa, vijana wa kwaya ya upande wetu wa Baraka walikaa chini ya mwembe wakabishana mpaka jua likawa kali. Walikuwa wameweka nyimbo zao mbili katika mtandao: mmoja wa Kiswahili, wenye ngoma na gitaa za kuchezesha miguu, mwingine wa Kibembe, wa kuwaombea marehemu. Wa kwanza ulikuwa umesikilizwa mara elfu na zaidi. Wa pili haukufika mara mia tatu. Kijana mmoja akasema, "Hesabu imekwisha kuamua. Huo wa Kibembe tuuache." Mwenzake akaongeza kwamba yuko mtu mjini auzaye wasikilizaji: ukimlipa, hesabu hupanda kwa usiku mmoja. Mzee wa kwaya alinyamaza, kisha akatugeukia sisi: "Mwalimu, dhambi iko wapi hapo?"

Swali hilo si dogo, wala si la wanakwaya peke yao. Yafaa tulichungue polepole.

Kwanza, tujue hesabu hiyo ni kitu gani. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipomrekodi Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, wimbo wake "Masanga" ulienea mbali kwa santuri. Lakini nani angeweza kujua umesikilizwa na watu wangapi? Santuri zilizouzwa ziliweza kuhesabiwa, masikio hayakuhesabika. Siku hizi ni vingine. Mtu akisikiliza wimbo kwa njia ya mtandao, mashine huandika: wimbo gani, saa ngapi, katika mji gani, na kama aliumaliza au aliuruka. Kampuni ya Spotify, iliyoanza kazi mwaka 2008, huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukipita sekunde 30. Tena tangu mwaka 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 haupati fungu katika fedha inayogawanywa. Basi wataalamu huyasoma maandishi hayo, wakitafuta mambo mawili: umaarufu, yaani ni wangapi waliosikiliza, na mapenzi ya msikilizaji, yaani kama hufika mwisho, kama hurudi tena, kama huutunza wimbo.

Je, kuhesabu ni kubaya? La hasha. Mchungaji wa Injili angejuaje kwamba kondoo mmoja amepotea, kama hakuwahesabu wote mia? Hata parokia ina daftari la ubatizo. Lakini twasoma pia katika Kitabu cha pili cha Samweli kwamba mfalme Daudi aliwahesabu watu wake, na moyo wake ukamchoma, akakiri kwamba ametenda dhambi. Tendo ni moja, mioyo ni miwili. Mchungaji huhesabu apate kumtafuta asiyekuwapo. Mfalme alihesabu apate kuutegemea wingi.

Pili, hesabu haioni yote. Tazameni hapa kwetu Fizi. Milimani rezo ni dhaifu, na mega ni ghali kwa mtu wa jembe. Kwa hiyo wengi huenda sokoni kwa kijana mwenye kompyuta, awajazie nyimbo katika kadi ya simu. Kisha nyimbo hupita kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth. Mama wa Ubwari aimbaye huku akianika ndagala haandikwi popote. Kwa mashine, huyo hayupo. Ndiyo kusema, anayesema "hakuna anayeusikiliza" hana budi kusema "hakuna niliyemwona".

Tukawaomba vijana wafungue tena hesabu yao, wasitazame jumla peke yake. Wakaona jambo. Katika ule wimbo wa mara elfu, wengi waliuacha kabla ya nusu. Katika ule wa Kibembe, karibu wote walifika mwisho. Na sehemu kubwa ilitoka katika mji mmoja tu wa Marekani. Ninyi mnajua kwamba tangu vita vya mwaka 1996 ndugu zetu wengi walivuka ziwa wakakaa Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma, na baadhi yao wakapelekwa Marekani. Mama mmoja wa parokia ndiye aliyetufumbulia: mdogo wake yuko huko, amefiwa na mume, na kila usiku kabla ya kulala huufungua wimbo ule. Basi mara nyingi zile zilikuwa mjane mmoja.

Mtu atasema: "Je, wimbo wa watu wachache ndio bora siku zote?" Hapana, hilo nalo ni kosa. Missa Luba, iliyoimbwa na vijana wa Kamina pamoja na Padri Guido Haazen na kurekodiwa mwaka 1958, ilisikika dunia nzima, wala sifa hiyo haikuipunguzia kitu. Wingi ni shahidi. Shahidi husikilizwa, lakini si hakimu. Mtakatifu Agostino, katika Maungamo yake, alijiuliza kama sauti tamu humvuta kuliko maneno yaimbwayo. Hata hivyo hakuukataa wimbo, maana alikumbuka machozi aliyoyatoa aliposikia nyimbo za Kanisa mwanzoni mwa imani yake. Yeye aliutazama moyo: wimbo huu wanipeleka wapi?

Tatu, ule ununuzi wa wasikilizaji. Hapo tulimjibu mzee bila kusita: dhambi iko hapo. Ni uongo, maana mashine husikiliza mahali pa mtu. Tena ni wizi. Katika kampuni nyingi fedha ya wasikilizaji huwekwa pamoja, kisha hugawanywa kwa kadiri ya hesabu ya kila mmoja. Aongezaye hesabu ya bandia hula katika sahani ya wenzake. Mwezi wa Septemba 2024 mtu mmoja wa North Carolina alishtakiwa kwamba alitengeneza nyimbo kwa mashine na kuzisikilizisha kwa mashine mara mabilioni, akapokea zaidi ya dola milioni 10. Amri ya saba na ya nane zatosha; hazihitaji amri mpya kwa ajili ya simu.

Kwaya iliziacha nyimbo zote mbili. Yule kijana wa kununua hakufurahi, na bado twazungumza naye. Nanyi, wasomaji wapenzi, msiogope kuhesabu. Lakini mkiisha kuhesabu, ulizeni nyuma ya kila hesabu kuna nani. Mungu ambaye mbele yake senti mbili za mjane zilikuwa nyingi kuliko dhahabu ya matajiri, hashindwi kumsikia mjane mwingine, usiku, mbali na ziwa lake.