Kwa Kijana Atakayesimamia Nyumba za Wazee

Mwanangu,

Nimesikia umekubali kusimamia nyumba za wazee hapa Arusha, zile za kupangisha kwa kodi nafuu. Nimefurahi sana. Kabla hujakabidhiwa daftari la kodi na bunda la funguo, nisikilize kidogo.

Ujue kwanza kazi yako ni ipi. Serikali ina makazi ya wazee huku Bara tangu zamani. Ya karibu nasi ni Njoro kule Moshi, na Magugu ukiwa njiani kwenda Babati. Mbali zaidi kuna Kolandoto Shinyanga, Bukumbi Mwanza, Ipuli Tabora, Fungafunga Morogoro na Nunge Kigamboni. Humo hupokelewa mzee asiye na ndugu wala uwezo, maofisa wa ustawi wa jamii wakisharidhika kwamba hana pa kushika. Hupewa chakula, mavazi na matibabu, wala halipi kitu. Ni kazi ya heri, na wanaoifanya nawaombea. Lakini wewe hukuitwa huko. Atakayekuja kwako ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, fundi cherehani ambaye macho yamepungua nguvu, mama aliyeuza ndizi soko la Kilombero mpaka magoti yakakataa. Ana pensheni ndogo, au ana mtoto anayemtumia chochote kwa simu mwisho wa mwezi. Huyu anaweza kulipa kodi. Kinachomshinda ni kulipa jinsi mji huu unavyodai.

Kwa hiyo shika neno hili: mzee huyo ni mpangaji wako. Ana mlango wake, ana kauli yake, na ana haki ya kukukatalia. Ukilisahau hilo, hata ukimbembeleza kwa chai na maandazi, utakuwa umemnyang'anya nyumba yake akiwa bado anaishi ndani.

Nianze na kodi, maana ndipo wazee wanapoumia. Mwenye nyumba wa Kaloleni, Ngarenaro au Sakina anataka kodi ya miezi sita mkononi, wengine mwaka mzima. Pensheni haiji hivyo. Inakuja kwa mwezi. Mzee ataitoa wapi kodi ya miezi sita? Anakopa, anauza ng'ombe wa mwisho, au anahamia chumba cha bondeni ambako maji huingia kila masika. Wewe pokea kodi kwa mwezi, na tarehe yako iwe siku chache baada ya pensheni kuingia. Hilo peke yake litawapunguzia wazee mzigo kuliko punguzo lolote la bei utakalotangaza.

Akichelewa, usikimbilie barua. Nenda ukakae naye, ujue malipo yake yamekwama wapi. Mji huu una historia ya watu waliosubiri haki zao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikuwa na makao yake hapa, na ilipovunjika mwaka 1977 watumishi wake walibaki na madai waliyoyafuatilia mpaka miaka ya 2000, wengi wao wakiwa wazee tayari. Siku hizi mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma imeunganishwa kuwa PSSSF, tangu 2018, na mstaafu hutakiwa kufanya uhakiki ili ijulikane kuwa yu hai. Asipofanya, malipo yanasimama. Nimeona mzee akinyamaza miezi kwa aibu, akidhani serikali imemsahau, kumbe ni uhakiki tu haujafanyika. Wewe una simu janja na vidole vyepesi, msaidie. Ila namba yake ya siri usiijue kamwe, hata akikulazimisha. Mwambie amwite mwanawe au mjukuu anayemwamini.

Pamoja na upole huo, kodi ilipwe. Nyumba za bei nafuu huangushwa na huruma isiyoandikwa kwenye hesabu. Bati linaoza, choo kinajaa, hakuna akiba, na mwishowe wote wanaambiwa watoke, pamoja na wale waliokuwa wakilipa. Kila mwezi tenga fungu la ukarabati hata likiwa dogo, na hesabu zake uzibandike ukutani kwa herufi kubwa, zisomeke bila miwani. Wazee hawa wengine waliweka hesabu za ushirika wa kahawa. Usidhani utawadanganya.

Sasa jambo linalonikosesha usingizi: baridi. Wageni huja Arusha wakasifu hewa. Mzee wa Moshono au Poli anaijua Juni na Julai, wingu likiwa limelalia Mlima Meru kuanzia asubuhi mpaka jioni. Anachofanya ni kuwasha jiko la mkaa uani, kisha analiingiza chumbani, anafunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa kitenge. Mkaa uliokolea hautoi moshi wa kuonekana, lakini unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu analala, haamki. Mzee, ambaye moyo na pumzi zake zimeshachoka, huwahi zaidi. Hili usilifanye mjadala. Katika mambo yote nitakayokuambia, hapa ndipo uwe mkali. Jiko la mkaa lisilale chumbani. Lakini ukilikataza lazima uwape kingine: jiko la pamoja lenye paa na kuta tatu, dari kila chumba kwa sababu bati tupu ndilo linaloshusha baridi, blanketi la pili, na vioo vya madirisha vilivyopasuka vibadilishwe Mei, usisubiri Julai. Usimkataze mtu joto ukamwacha atetemeke. Atalificha jiko chini ya kitanda, na kosa litakuwa lako.

Baada ya baridi, maji. Mlima wetu ni volkano, na miamba yake inatoa floraidi inayoingia kwenye chemchemi na visima vya upande huu. Unayaona meno ya kahawia ya watu waliokulia Meru na Arumeru. Hayo ni meno tu; floraidi ikizidi kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa, mgongo unakakamaa, miguu inapinda, na mzee anaambiwa ni uzee. Wengi wanadhani kuchemsha kunatosha. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki, na maji yakipungua kwenye sufuria inazidi kukolea. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi majini, na wamefanya kazi ya miaka mingi na chujio la mkaa wa mifupa. Waulize. Weka mifereji ya bati na tangi la maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, maana maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba. Maji mengine yawe ya kufulia na kuogea. Na uzungumze kwa adabu na akina mama kuhusu magadi wanayotia kwenye makande ili yaive upesi, kwa sababu magadi ya huku nayo yana floraidi nyingi. Kama maharage yatalowekwa usiku kucha, yataiva bila magadi.

Vyoo na ngazi nitavisema kwa ufupi: choo cha kukaa, chuma cha kushikilia ukutani, taa inayowaka usiku kati ya chumba na choo, sakafu isiyoteleza. Vyumba vya chini wape wenye fimbo. Fundi akikuambia ngazi tatu si kitu, mwambie apande akiwa na ndoo mkononi na goti moja zima.

Usimhamishe mzee kutoka chumba hadi chumba kama unavyopanga magunia. Hata kama una sababu nzuri, muulize kwanza, mpe muda, umsaidie kubeba. Mwaka 1951 Wameru wa Engare Nanyuki waliondolewa kwa nguvu kwenye ardhi yao kupisha walowezi, nyumba zikachomwa. Mwaka uliofuata Mmeru mwenzao, Kirilo Japhet, alifika New York na kulieleza jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Wazee wenye umri wa miaka themanini na kitu leo walikuwa watoto wakati huo. Ukimwambia mzee wa namna hiyo, "Kesho utahamia chumba namba saba," usishangae akitokwa na machozi kwa ajili ya chumba chenye kitanda kimoja.

Piga hodi. Subiri uitikiwe karibu. Mpe shikamoo kabla ya kutaja kodi, na ukae akikuambia ukae. Ufunguo wa akiba uwe nao, ila utumike kukiwa na hatari tu, tena mbele ya shahidi. Wageni usiwazuie. Nimesikia kanuni za nyumba fulani zinazokataza wajukuu kulala, eti kelele. Mzee ambaye wajukuu hawalali kwake wakati wa likizo amebakiwa na nini?

Ugomvi utakuwepo. Utahusu redio, kuku, kamba ya kuanikia nguo. Kuna Mwarusha, Mmeru, Mchaga, Mrangi na Mpare kwenye ua mmoja, kuna wa msikitini na wa kanisa la KKKT. Wewe ni mdogo kwao wote, kwa hiyo usijifanye hakimu. Sera ya Taifa ya Wazee inawatambua kuanzia miaka 60, na mabaraza ya wazee yapo kwenye mitaa na kata. Wapangaji wako nao wawe na kikao chao cha kila mwezi, wamchague mwenyekiti, waamue zamu za kufagia na kipande gani cha ardhi kipandwe mchicha. Utakuta mambo uliyoyaogopa wameyamaliza kabla hujafika. Kikao hicho hicho kikusaidie kufuatilia vitambulisho vya matibabu bila malipo kwa wasio na uwezo, ili mzee asifike hospitali ya Mount Meru mikono mitupu akapoteza siku nzima.

Tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee, watakuja wafadhili na sukari na mchele. Wapokee. Wenye kamera waombe ruhusa, mzee mmoja mmoja, na atakayekataa apate mchele wake vilevile. Usikubali mpangaji wako apangwe mstari apigwe picha akiwa ameshika kilo mbili za sukari kifuani. Hilo likifanyika hata mara moja, watoto wake wataiona picha, na yeye hatainua uso kwenye ua wako tena.

Na kifo kitakuja, mwanangu, mara nyingi kuliko kwenye nyumba za vijana. Mpangaji akifariki, funga chumba, mwite mwenyekiti wa mtaa na jirani mmoja, mwandike vitu vyote mbele ya ndugu kabla ya mtu yeyote kubeba hata kikombe. Watoto wengine hufika wakitafuta kadi ya benki kabla ya kuuliza mazishi ni lini. Usigombane nao, onyesha orodha yenye sahihi. Chumba usikipangishe mpaka familia imalize matanga.

Nakuomba basi, kabla ya mwezi huu kwisha, uite kikao cha kwanza. Uende bila kanuni ulizoziandika, uwaulize wazee wenyewe wanataka nyumba hizo ziendeshwe vipi, na uandike majibu yao.