Wosia kwa Mwenyekiti Mpya wa Kijiji

Hongera nimeshakupa, mwanangu, tena mbele za watu, sirudii. Kura za Novemba 27, 2024 zimekwisha, fulana za chama zimerudi sandukuni, na wale waliokubeba mabegani ndio hao wanaokupigia hodi alfajiri. Umekuja kuniuliza uanzie wapi, maana uliahidi zahanati, barabara, na umeme mpaka kitongoji cha mlimani. Zahanati itajengwa siku wilaya ikiwa na fedha. Wewe kesho saa kumi na mbili utakuta mtu mlangoni anataka barua.

Atakuwa kijana anayefuatilia kitambulisho cha taifa, au mama anayekwenda kumwekea mwanawe dhamana polisi, au mtu wa mkopo. Nyuma yake amesimama mwenye mihogo iliyoliwa na mbuzi, na nyuma ya huyo mwenye mbuzi, aliyewahi ili asisemewe. Wasikilize. Usiwaambie warudi Jumatatu ili tu waone kwamba una shughuli nyingi. Barua ni kazi ya mtendaji, lakini mtendaji hawajui watu. Aliletwa na wilaya, na wilaya ikimhamisha atafunga godoro lake kwenye pikipiki aondoke. Wewe ndiye utakayeulizwa kama fulani ni mkazi wetu kweli, na shamba lile lilikuwa la babu yake au la mjomba wake. Halafu yeye ana mshahara na wewe huna. Una posho ya kikao, ikiwepo. Nakwambia mapema ili mkeo asije akanilaumu mimi.

Sasa lipo moja ninalotaka ulishike, hata ukiyasahau mengine yote ya leo. Mwenye kijiji ni mkutano mkuu. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 yumo, aliyekupigia kura na aliyekuzomea. Halmashauri yako, ile ya wajumbe kati ya 15 na 25, hukaa kila mwezi kwa niaba yao, kisha kila miezi mitatu hurudi kwao kueleza. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ndivyo ilivyopanga, na Katiba yenyewe, ibara ya 146, inasema shabaha ya serikali hizi ni kuwapa wananchi madaraka. Wenyeviti wengi huyajua haya wakati wa kampeni. Wakishakabidhiwa ofisi wanaanza kusema "kijiji changu".

Unacheka, lakini mimi nililetwa hapa na lori, mwaka 1974, Operesheni Vijiji. Marehemu baba alikuwa na mikorosho huko nyuma ya kilima, imeanza kuzaa. Hatukuulizwa. Sufuria, kuku, bibi na kitanda chake, vyote juu ya lori moja, tukashushwa kwenye nyasi. Mwaka uliofuata ilikuja sheria ya vijiji, halmashauri ya watu 25 ikaundwa chini ya mwembe ule unaoujua, nayo kazi yake kubwa ikawa kutuambia yaliyokwisha kuamuliwa. Miaka mingi baadaye kukawa na kodi ya kichwa. Mgambo walikuwa wakipita na orodha iliyotoka ofisi hiyohiyo uliyopewa ufunguo wake, na wanaume wazima wakilala porini kama wezi, mpaka kodi ile ilipofutwa mwaka 2003. Wewe ulikuwa bado mdogo. Wazee wakikuona umeshika daftari wanakaa kimya, ukadhani ni heshima. Wengine ni kumbukumbu tu ya mgambo inayowajia.

Kikao cha halmashauri utakiona mwenyewe. Kwenye karatasi wajumbe ni ishirini na kitu, chumbani wako tisa. Wanaume watatu watasema tangu dua ya kufungua mpaka dua ya kufunga, na wote watatu wanasema jambo lilelile. Akina mama wamekaa benchi la karibu na mlango, kwa kuwa mmoja ameacha maharage jikoni. Sheria inataka wasipungue robo ya wajumbe, na robo hiyo huwa inatimia bila shida. Kusikilizwa ndiko kugumu. Ajenda ya maji ikifika, nyamaza. Mgeukie yule anayeamka saa tisa za usiku kupanga ndoo, mwite kwa jina, kisha mngojee. Atatazama chini kwanza. Wale watatu watataka kumsaidia kusema, wanyooshee mkono. Yeye ndiye anayejua kwamba bomba la kule shuleni limekauka tangu mwezi wa Ramadhani, na kwamba fedha za ndoo zinapokewa bila risiti. Chombo cha watumiaji maji kina viongozi wake na RUWASA, wakala wa maji vijijini, wana fundi wao, lakini hawatajua kama hakuna aliyeandika kwamba mama fulani alisema hivi, siku fulani.

Fedha sasa. Mtendaji atakuletea taarifa ya mapato na matumizi, imechapwa vizuri, na chini kabisa pana mstari unaoitwa "matumizi mengineyo". Usiipeleke mkutanoni kabla hujajua mengineyo ni nini. Ikiwa ni nauli ya wilayani, iandikwe nauli, nani alikwenda, na alirudi na nini. Usisome kwa kasi ya mtangazaji wa mpira. Soma kwa namna ambayo bibi asiyejua kusoma atakwenda kumsimulia mwenzake: kaya ngapi zimechangia darasa, zimetoa kiasi gani, imenunuliwa mifuko mingapi ya saruji, mingapi imetumika, mingapi imo stoo. Ukiwepo mfuko ulioganda kwa sababu dirisha la stoo halina kioo, sema umeganda. Watu wanajua, maana watoto wao walishauchungulia. Kisha taarifa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na ubao uwe nje, panapofika macho ya watu. Nimeingia ofisi moja ya kijiji, sitaitaja, ubao umetundikwa ndani nyuma ya kabati, una tangazo la chanjo ya mwaka ambao hata watoto waliochanjwa wameshaoa.

Wataguna. Waache wagune palepale. Anayekuuliza mkutanoni amekuokolea maneno ya kilabuni.

Halafu sheria ndogo. Vijana wako wa ulinzi wana moto, wameanza kukamata mbuzi na kutoza faini. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ndiyo, lakini mkutano mkuu uzungumze kwanza, na wilaya iidhinishe. Kabla ya hapo hiyo faini ni unyang'anyi wenye kitambulisho. Na hata ikishaidhinishwa, faini isiyo na stakabadhi usiipokee, hata kama mlipaji mwenyewe anakwambia "chukua tu yaishe". Yeye yamekwisha, wewe yameanza.

Penye uzito hasa ni ardhi. Hapa vumilia, nitakwenda polepole, maana nimeona vijiji vyenye watu werevu vikiingia shimoni huku vimepiga makofi.

Siku moja litasimama gari jeupe. Atashuka mgeni mpole, pamoja na mtu wa wilayani wa kumtambulisha. Atasema ajira, atasema kisima, atasema madawati. Hatakuomba ardhi moja kwa moja. Atakuomba muhtasari: muhtasari wa mkutano mkuu uliokubali, pamoja na orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Basi. Hizo karatasi mbili ndizo zitakazosafiri mpaka huko juu, na huko hakuna atakayekuja kuuliza kama mvua ilinyesha siku ile watu wasifike.

Hebu itazame orodha ya mahudhurio. Namba, jina, kitongoji, sahihi. Juu mara nyingi pameachwa wazi, au pameandikwa "Mahudhurio" peke yake. Watu walisaini siku ya semina ya vyandarua wakapewa soda. Karatasi ileile ikibanwa kwa stepla nyuma ya muhtasari mwingine, tayari mamia ya wanakijiji wamekubali kutoa bonde la mto, nao walikuja kusikiliza habari za mbu. Hahitajiki mchawi. Inahitajika stepla tu.

Kwa hiyo kabla mtu wa kwanza hajashika kalamu, juu ya karatasi paandikwe tarehe, mahali na ajenda. Kila ukurasa uwe na namba, na ajenda irudiwe kila ukurasa, hata mtendaji akinung'unika kwamba unampotezea muda. Akimaliza mtu wa mwisho kusaini, piga mstari chini ya jina lake kutoka ukingo mpaka ukingo. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, na jina lake aliandike jirani yake aliyekaa naye, ili siku ya ubishi awepo wa kusema "niliandika mimi". Waliokataa waandikwe kwamba walikataa. Usikubali kile kisentensi cha "wajumbe wote kwa kauli moja". Mimi sijawahi kuona kijiji chenye kauli moja, isipokuwa msibani. Na muhtasari usomwe wote kwenye mkutano unaofuata kabla hujautia sahihi. Nakala moja ikae nje ya ofisi, kwa mtu ambaye si ndugu yako.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri inaisimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini. Haiwezi kumgawia mtu bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Ukiona mjumbe anamkatia mtu eneo jioni, kwa maelezo kwamba "tutalipitisha baadaye", mwambie hakuna baadaye. Na ikiwa ardhi inatakiwa kuhamishwa kutoka ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, isiyozidi hekta 250 mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Zaidi ya hapo neno la mwisho ni la Waziri, na sauti ya kijiji inamfikia kama pendekezo. Sasa fikiria kama hata hilo pendekezo limeandikwa na mtu mmoja usiku.

Nenda Kisarawe ukaulize. Mwishoni mwa miaka ya 2000 vijiji 11 vilitoa zaidi ya hekta 8,000 kwa mwekezaji kutoka Uingereza, apande mibono ya kukamua mafuta ya mitambo. Watu waliahidiwa kazi na huduma, na wengine kazi walizipata kweli. Mwaka 2011 mradi ukasimama, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Mibono ikabaki na nyasi zake. Ardhi haikurudi vijijini, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuhama. Mwekezaji akiondoka, ardhi ya jumla hubaki ya jumla. Wanakijiji waliona shamba limelala, na kuni zimo, na njia ya kisimani inapita humo, lakini kwa karatasi hawakuwa tena na neno. Sisemi umfukuze kila mgeni. Wapo wawekezaji waliokaa na vijiji vizuri, na kijiji kisicho na mapato kinaombaomba hata chaki. Nasema mgeni akileta jambo, jibu lako la kwanza liwe tarehe ya mkutano. Akisema ana haraka, msogezee tarehe mbele zaidi.

Utaambiwa unachelewesha maendeleo. Utaambiwa na mkuu, kwa simu, huku gari linanguruma. Sauti yako itatetemeka, ni kawaida. Jibu "ndiyo mkuu, nitaitisha mkutano", kisha uitishe kweli, kwa mbiu na kwa tangazo, na pande zote, siyo kitongoji chako tu. Utachoka pia na watu wenyewe, na huo ndio uchovu mbaya zaidi. Utaitisha mkutano saa tatu, watafika saa saba. Wataacha ajenda ya bonde wabishane kuhusu jogoo. Kuna siku utatamani uamue peke yako ulale mapema, tena uamuzi wako utakuwa mzuri kuliko wao. Waache wabishane kuhusu jogoo. Wakishammaliza watarudi bondeni, na wakikubali watakuwa wamekubali wao.

Lile uliloniomba la Baraza la Ardhi la Kijiji, jina langu usiliweke. Magoti yangu hayawezi tena kwenda kupima mpaka kwenye umande, na kesi za mipaka hazisuluhishwi ofisini. Wanatakiwa watu saba, watatu wao wanawake, na kazi yao ni kupatanisha. Wakianza kuhukumu wamepotea njia. Mfikirie yule mama mjane wa pale karibu na lambo. Waliwahi kumsogezea mpaka baada ya msiba, akakaa nao wakwe zake siku nzima juani hadi wakautoa wenyewe, kwa mikono yao, ule mti waliouweka kuwa alama. Anaijua kazi. Lakini usiende kumwambia leo kwamba mzee amekuteua. Halmashauri imtaje, mkutano mkuu umkubali au umkatae, naye awepo asikie. Mkutano wenyewe tangazo lake sijaliona bado, na miezi mitatu inakaribia kuisha.