Wimbo Upo, Daftarini Haumo

Ukichomeka iPod ya zamani kwenye kompyuta yenye Linux, mara nyingi inaonekana bila taabu, kama fleshi yoyote. Unaona nafasi iliyobaki, unakopi nyimbo zako, unasubiri, unaitoa kwa utaratibu. Unaweka spika masikioni, na kile kidude kinakwambia hakina wimbo hata mmoja. Nafasi imeliwa, nyimbo zimo, lakini kwa mujibu wake hakuna kitu.

Wengi hulaumu waya, na si bure. Kuanzia Nyakanazi mpaka Ngara mjini, nyaya kibao za vibandani zinapitisha chaji tu, data hazipitishi. Andika lsusb, kifaa kisipotajwa, badilisha waya kwanza, falsafa baadaye. Kikitajwa, basi shida iko kwingine. iPod haipekui mafolda ikitafuta nyimbo. Inasoma daftari lake, faili liitwalo iTunesDB, na wimbo usioandikwa humo, kwake haujazaliwa.

Nilikuwa namweleza hivyo jamaa mmoja wa Rulenge, aliyeniletea chake baada ya kukijaza kwaya bila mafanikio. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe ni kama 2013." Sikucheka.

Mwaka huo Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Geita na Kigoma ikiwasaka wahamiaji haramu. Maelfu waliondoka kwenda Rwanda na Burundi, na miongoni mwao walikuwemo watu walioishi huku kwa miongo, wenye migomba, wakwe na makaburi. Mhangaza na Mrundi wakiongea wanaelewana bila mkalimani. Mpaka uliwakuta hapohapo. Sasa wewe thibitisha kwamba upo. Kwa nini? Karatasi.

Swali langu ni hili: kitu kikiwepo, na daftari likasema hakipo, nani anadaiwa ushahidi?

Ni rahisi kujibu kwa hasira kwamba madaftari yote ni uonevu. Mimi siamini hivyo. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakatua Benaco, hapa hapa Ngara. Umati kama ule bila orodha na kadi za chakula, mwenye nguvu anakula mara tatu na mjane analala njaa. Daftari lilikuwa huruma iliyopangwa. Hata iPod ina sababu yake: kupekua maelfu ya mafaili kila ukiiwasha kungeichosha betri, daftari linaifupishia njia. (Vile vidude vya Kichina vya bei chee havina makuu: tia wimbo, unapiga. Ila jaribu kutafuta wimbo mmoja kati ya elfu mbili, utaniambia.)

Kwa hiyo daftari lenyewe silishtaki. Naangalia nani ameshika kalamu, na kama kuna namna ya kusahihisha. Mwanzoni watu wa programu huria walijifunza muundo wa iTunesDB, wakatengeneza libgpod, maktaba inayoziwezesha programu kama Rhythmbox na gtkpod kuandika humo. Kalamu ikawa mikononi mwa wengi. Mwaka 2007 Apple wakaongeza muhuri katika iPod mpya za wakati huo: namba inayokokotolewa kutokana na daftari lenyewe na utambulisho wa kifaa. Ukiandika bila muhuri, kifaa kinasema hakina kitu, ingawa umekinunua kwa hela yako na kiko mfukoni mwako. Hapo hoja ya betri haipo tena. Muhuri ule haukumfupishia msikilizaji njia yoyote. Ulimwamulia apite mlango gani. Haukuchukua muda mrefu, watu wakaujua jinsi unavyokokotolewa.

Kwangu mimi hapo ndipo mstari ulipo. Daftari linalomhudumia aliyeandikwa lazima likubali kusahihishwa kwa kutazama kilichopo: fungua folda, sikiliza wimbo, andika. Nenda kijijini, muulize jirani, muulize mwenyekiti wa kitongoji, andika. Likikataa kutazama, likamwachia asiyeandikwa kazi yote ya kujithibitisha, limeshaacha kuhesabu. Linachagua.

Jambo moja nililompenda kumwonyesha yule jamaa: iTunes ikiingiza wimbo, huuficha kwenye folda lisiloonekana na kuubatiza jina la herufi nne zisizo na maana. Ukiangalia pale unadhani majina yamepotea. Lakini jina la wimbo na la mwimbaji kwa kawaida huwa limeandikwa ndani ya faili lenyewe, si kwenye daftari tu, na programu nyingi zinalisoma. Tulizitoa nyimbo zake za zamani zote, moja moja, zikiwa na majina yake.